Saa za kuzamia zenye rangi: ipi uichukue, ipi uirudishe kwenye sinia

Anayekwenda butiki kutafuta saa ya kuzamia yenye rangi huanza kwa kujiuliza anapenda rangi gani. Mimi naona aanze na swali la rangi hiyo ikae wapi. Kijani kilichokaa kwenye pete inayozunguka kioo ni kitu kimoja, na kijani kilichojaa uso mzima ni kitu kingine kabisa, hata kama saa zote mbili zimetoka kiwanda kimoja. Ya kwanza utaivaa na shati lolote. Ya pili itakuchagulia shati. Rangi iliyo kwenye mkanda wa mpira haina haja ya kukunyima usingizi, maana mkanda unabadilishwa kwa dakika chache.

Kwa hiyo saa zilizomo humu nimezilinganisha kwa kuangalia rangi imekaa wapi, imetengenezwa kwa kitu gani, na inageuka vipi ukitoka chini ya taa za dukani. Kifundo changu cha mkono ni cha wastani, na hilo ulizingatie nikisema saa fulani ni kubwa.

Taa, plastiki na mkanda mrefu

Butiki nyingi humulika saa kwa taa ndogo kali zinazotoka juu. Chini ya taa hizo kauri iliyong'arishwa humetameta kila upande, na buluu iliyokoza huonekana changamfu kuliko ilivyo. Toka nayo kivulini, buluu ile ile inaweza kukaribia weusi. Omba usogee na saa dirishani au mlangoni. Ni ombi la kawaida, na muuzaji anayeijua kazi yake atakusindikiza mwenyewe. Itazame chini ya taa, kisha kwenye mwanga wa jua, kisha mahali penye kivuli. Mimi nalipa uzito zaidi jibu la kivulini, kwa sababu huko ndiko saa inakoshinda: chini ya mkono wa shati, ofisini, ndani ya gari.

Kitu kingine kinachodanganya macho ni utando wa plastiki. Saa nyingi za kuonyeshea wateja huwa bado zina utando mwembamba juu ya pete na kwenye kibanio cha mkanda ili zisipate mikwaruzo. Utando huo unaua mng'ao wa kauri na kuifanya pete ionekane ya kawaida tu. Uliza kama unaweza kubanduliwa, walau kwenye pete. Wakikataa, ujue rangi uliyoiona siyo yenyewe.

Halafu kuna mkanda. Mkanda wa chuma wa dukani una pingili zake zote, haujapunguzwa kwa kipimo cha mtu yeyote, hivyo saa inaning'inia na kuteleza pembeni. Saa inayoteleza huonekana kubwa na nzito kuliko ilivyo. Bana mkanda kwa kidole chini ya kifundo, saa itulie mahali pake, ndipo uitazame. Kama wanayo ile ile yenye mkanda wa mpira, anza na hiyo. Ukubwa usiuhukumu kwa picha ya simu iliyopigwa kwa karibu, kwa sababu kamera ya simu huvimbisha kilicho mbele yake. Simama mbele ya kioo kirefu, mkono umeushusha, ujitazame kama anavyokuona mtu mwingine.

Kijani kwa kijani: Rolex Submariner na Omega Seamaster

Rolex ilianza kuitia Submariner kijani mwaka 2003, saa hiyo ilipotimiza miaka 50. Uso ulikuwa mweusi na pete ya kijani ilikuwa ya alumini. Mwaka 2010 ikaja nyingine yenye uso wa kijani na pete ya kijani ya kauri, ile ambayo mashabiki waliibandika jina la Hulk, yule jitu la kijani la kwenye filamu. Mwaka 2020 wakarudi kwenye uso mweusi na pete ya kijani, safari hii ya kauri, na mwili wa saa ukaongezeka kutoka milimita 40 hadi 41. Omega nayo ilitoa Seamaster Diver 300M ya kijani mwaka 2022, ya milimita 42, na haikusita hata kidogo: uso ni wa kauri ya kijani iliyochongwa mawimbi kwa leza, na pete ni ya kauri ya kijani vilevile.

Ziweke zote mbili, moja mkono huu na nyingine mkono huu. Ukiwa umesimama mbali na kioo, ile ya Rolex ni saa nyeusi yenye mzingo wa kijani. Kijani chake kimekoza. Kivulini kinajificha, juani kinachomoza. Ndiyo maana haigombani na nguo. Ile ya Omega ni ya kijani muda wote, na uzuri wake uko kwenye mawimbi. Ukigeuza mkono taratibu, mistari inayong'aa na isiyong'aa hubadilishana nafasi, na uso unapata kina ambacho picha haziwezi kukionyesha. Hii ni sababu tosha ya kwenda dukani mwenyewe badala ya kuagiza kwa kuangalia picha. Shida yake ni kwamba kijani cha uso na kijani cha pete vikipigwa na mwanga kutoka pembe tofauti havilingani sawasawa, na mtu mwenye jicho la rangi ataliona hilo siku ya kwanza.

Sasa gusa pete. Pete ya Submariner inazunguka kwa mibofyo 120, kila mmoja ukisikika wazi, na kingo zake zenye meno hushikika hata vidole vikiwa na jasho. Ya Omega nayo ina mibofyo 120, lakini kingo zake zimekatwa mawimbi mapana, na vidole vikilowa huteleza. Kwa anayezamia kweli, hili ni kosa la umbo. Kwa anayetaka saa ya kuvaa mjini, halina uzito.

Omega ina pia kitufe cha pili kwenye nafasi ya namba 10. Hicho ni vali ya kutolea heliamu. Wazamiaji wanaoishi siku nyingi ndani ya vyumba vyenye shinikizo kubwa hupumua mchanganyiko wenye gesi hiyo. Chembe zake ni ndogo mno, hupenya hadi ndani ya saa, na wakati wa kupunguza shinikizo zisipopata njia ya kutokea zinaweza kukifyatua kioo. Wengine wote hatuihitaji. Mimi naona kinaharibu mstari wa ubavu wa saa, ingawa wapo wanaokipenda kwa sababu hiyo hiyo ya kuonekana cha kikazi.

Upande wa mashine, zote mbili hujijaza kwa mwendo wa mkono; zikivuliwa zikiwa zimejaa, Submariner inatembea kama saa 70, Seamaster saa 55. Tafsiri yake ni hii: ukizivua zote Ijumaa saa kumi na mbili jioni, ya Omega itasimama usiku wa saa saba kuamkia Jumatatu, na ya Rolex bado utaikuta inatembea Jumatatu asubuhi unapokwenda kazini. Omega inajibu kwa kuhimili sumaku hadi gausi 15,000 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku), kinga yenye maana kwa mtu anayeshinda karibu na simu, spika na kompyuta, na mgongo wake ni kioo cha yakuti kinachoonyesha mashine ikifanya kazi. Mgongo wa Rolex umefungwa kwa chuma. Lakini kibanio cha Rolex ndicho bora kuliko vyote nilivyovishika: kinarefusha mkanda kwa hatua za kama milimita 2 hadi milimita 20 hivi, bila chombo chochote. Joto likipanda na mkono kuvimba, unasogeza hatua moja na unaendelea na shughuli zako.

Anayetaka kijani ambacho atakivaa kila siku bila kufikiri, Submariner. Anayetaka kijani kionekane, Seamaster, na ningeivaa na mkanda wa mpira kwa sababu mkanda wake wa chuma una mapambo mengi yanayoshindana na uso. Kuna jambo moja la vitendo linaloamua kwa niaba ya wengi: Submariner utakayoipata dukani mara nyingi ni ya maonyesho tu. Utaivaa, utaipenda, utaandikishwa jina, na hutapewa tarehe. Seamaster mara nyingi unaondoka nayo.

Buluu na damu ya mzee: Tudor Black Bay 58

Tudor imekuwa na saa za kuzamia za buluu tangu 1969, na miaka ya 1970 jeshi la majini la Ufaransa lilikuwa likizivaa. Black Bay 58 ya buluu iliyotoka mwaka 2020 inabeba historia hiyo waziwazi, na ndiyo saa ninayompendekezea mtu ambaye hajawahi kuvaa saa ya rangi.

Sababu ni alumini. Pete yake haing'ai kama kauri, na uso wake hauna mng'ao wa kioo, kwa hiyo buluu inatulia. Chini ya taa za butiki hutaiona ikikurukia, na ukiwa umetoka kushika Omega unaweza kuiona imefifia. Ipeleke dirishani ndipo utaielewa: buluu ni ile ile ndani na nje, haina sura mbili. Ubaya wa alumini ni kwamba inakwaruzika, na miaka ikipita jua linaweza kuipausha. Kauri haipauki kamwe wala haichubuki kirahisi, ila ikigongwa vibaya kwenye ukingo wa mlango wa chuma inaweza kupasuka, na hapo hakuna kuitengeneza, ni kubadilisha. Mimi napenda kitu kinachozeeka pamoja nami. Anayetaka saa yake ibaki kama siku aliyoinunua asichukue alumini.

Ukubwa wake ni milimita 39, unene milimita 11.9. Baada ya kuvaa Seamaster yenye unene wa zaidi ya milimita 13, tofauti inaonekana pale mkono wa shati unapoteremka bila kukwama. Inahimili mita 200, zile nyingine mbili mita 300, na kwa mwanadamu wa kawaida tofauti hiyo haipo. Pete yake inabofya mara 60 tu kwa mzunguko, yaani dakika moja kwa mbofyo. Ambacho sikukipenda sana ni mkanda wa chuma wa toleo lile la 2020: kuurekebisha kwa hatua ndogo kunahitaji kijiti cha kusukumia pini. Ule wa kitambaa, unaofumwa na kiwanda cha Julien Faure huko Ufaransa, unakaa vizuri zaidi na unaifanya buluu iwe nyepesi machoni.

Mwaka 2025 Tudor ikatoa Black Bay 58 ya damu ya mzee, uso na pete vyote, ikiwa na kibanio kinachorekebishwa kwa vidole. Rangi hii ni ngumu kuliko buluu. Kivulini inaelekea kahawia, juani inawaka wekundu. Kwenye ngozi nyeusi inapendeza mno kwa sababu wekundu wake unapata pa kupumulia. Kwenye ngozi nyeupe inaweza kuonekana nzito, na hapo buluu inashinda. Kama unatoka familia inayorithishana vitu, hii ya damu ya mzee ndiyo ningeweka benki, maana haifuati mkumbo wa msimu wowote.

Machungwa yenye kazi: Doxa SUB 300T

Kati ya saa zote hizi, hii ndiyo ambayo rangi yake ilizaliwa kwa sababu. Mwaka 1967 Doxa ilitoa saa ya SUB yenye uso wa rangi ya machungwa wakati saa za kuzamia zilikuwa nyeusi karibu zote. Hoja yake ilikuwa usomekaji chini ya maji. Siku hizi Doxa wana orodha nzima ya rangi na kila moja ina jina: Professional ni ya machungwa, Divingstar ya njano, Aquamarine ya feruzi, Caribbean ya buluu iliyokoza, Searambler ya fedha, Sharkhunter nyeusi, Whitepearl nyeupe. Ukikuta zimepangwa zote kwenye sinia moja, chukua muda. Ni mahali pachache ambapo unaweza kulinganisha rangi peke yake, mwili ukiwa ule ule.

Isogeze karibu. Mshale wa dakika ni mpana na mrefu, mshale wa saa ni mdogo hadi unautafuta. Ni makusudi: chini ya maji mzamiaji anataka dakika, saa anaijua. Pete yake ina safu mbili za namba. Safu ya nje ni kina kwa futi, ya ndani ni dakika, na zinasomwa pamoja kufuata jedwali la zamani la jeshi la majini la Marekani: futi 60 zinakutana na dakika 60, futi 100 zinakutana na dakika 25. Huo ndio muda uliokubalika kukaa kwenye kina hicho na kupanda juu bila kusimama njiani kutoa naitrojeni iliyojikusanya mwilini. Leo kazi hiyo inafanywa na kompyuta ya mzamiaji, na asiwepo mtu wa kuitegemea pete badala yake, lakini kuigeuza kwa kidole na kuona hesabu imechorwa kwenye chuma ni raha ambayo hakuna saa nyingine humu inayonipa.

Kwa vipimo inatisha: kipenyo milimita 42.5, mita 1,200. Mkononi haitishi. Mwili wake una umbo la pipa, na urefu wake kutoka pembe ya juu inayoshika mkanda hadi pembe ya chini ni kama milimita 45 tu, wakati Seamaster inakaribia 50. Huo urefu ndio unaoamua saa itakaaje kwenye kifundo, kuliko kipenyo kinachoandikwa kwenye karatasi. Mtu wa kifundo chembamba akikataliwa na Seamaster ajaribu Doxa kabla hajakata tamaa.

Sasa tatizo. Machungwa ya uso mzima haina siku ya kupumzika. Kwenye suti ya kijivu inafurahisha, kwenye shati jekundu inakera, kwenye msiba haivaliki. Kama utakuwa na saa moja tu maishani, usichukue ya machungwa. Chukua Caribbean au Aquamarine. Kama tayari unayo nyeusi nyumbani, ichukue hii ya machungwa bila kusita.

Njano na ndimu: Audemars Piguet Royal Oak Offshore Diver

Mwaka 2016 Audemars Piguet walizitoa Offshore Diver kwa rangi za njano, kijani cha ndimu na machungwa, na mkanda wa mpira wa rangi hiyo hiyo. Ni saa za kifahari kweli, za daraja ambalo Rolex ya chuma haifiki, zikiwa zimevaa rangi za vifaa vya ufukweni. Nilipoivaa ya njano nilielewa kwa nini watu wanagawanyika juu yake: umaliziaji wa chuma ni wa hali ya juu mno, kila ukingo umekatwa safi, kile kisichong'aa kinakutana na kinachong'aa kwenye mstari mmoja usio na dosari, halafu katikati kuna njano inayopiga kelele.

Pete ya nje haizunguki. Ina pembe nane na skrubu nane kama Royal Oak zote. Inayozunguka iko ndani, chini ya kioo, na unaizungusha kwa kitufe kilicho kwenye nafasi ya namba 10, baada ya kukifungua. Ina faida kwamba haiwezi kugongwa ikasogea. Ina hasara kwamba kwa mkono wenye glavu ni kazi ngumu. Inahimili mita 300.

Kipenyo kimeandikwa milimita 42, lakini usikiamini. Mkanda umeungana na mwili na hauanzi kuinama mapema, hivyo kwenye kifundo changu inajaa hadi pembeni. Jaribu kuingiza mkono mfukoni ukiwa umeivaa. Toleo la 2021 limetulia zaidi kwa rangi, kijani cha kijeshi, buluu na kijivu, na mikanda yake inachomolewa bila chombo. Kwangu hilo la 2021 la kijani ni saa bora, na zile za 2016 ni rangi bora. Anayeweza kununua saa ya daraja hili kwa ajili ya rangi peke yake achukue ya njano. Akichukua ya buluu atakuwa amelipia ujasiri ambao hakuuchukua.

Nyingine kwa haraka

Breitling Superocean ya 2022 ina feruzi, machungwa na kijani, na ina jambo moja ambalo wengine hawalitoi kwa upana huo: ukubwa wa milimita 36, 42, 44 na 46. Mwenye kifundo chembamba na mwenye kifundo kinene wanaweza kutoka na saa ya familia moja. Uso wake ni wazi na alama za saa ni kubwa, ila mraba ulio kwenye mshale wa dakika ama utaupenda mara moja ama hautauzoea.

Oris mwaka 2021 walitoa Divers Sixty-Five za bronzi, milimita 38, kwa uso wa waridi, kijani na samawati. Bronzi hubadilika rangi kwa hewa na jasho la mwenye saa, kwa hiyo ile ya waridi uliyoiona dukani siyo utakayokuwa nayo mwakani. Ya samawati ndiyo inayoendana na bronzi iliyozeeka. Ya waridi inapendeza zaidi ikiwa mpya.

Blancpain Fifty Fathoms, iliyoanza 1953 sawa na Submariner, ina pete iliyofunikwa yakuti iliyopinda, na buluu yake inakaa chini ya yakuti hiyo. Hakuna buluu nyingine humu yenye kina kama hicho. Kwa miaka mingi ilikuwa ya milimita 45. Sasa kuna 42, na hiyo ndiyo ya kuomba.

Rangi ikishuka majini

Kama unazamia, pima rangi upya. Maji humeza nyekundu kwanza. Kwenye bahari safi sehemu kubwa yake imeshapotea ndani ya mita 10 za mwanzo. Machungwa hufuata, kisha njano. Kijani na buluu ndizo zinazoshuka mbali. Damu ya mzee ya Tudor huko chini inakuwa nyeusi tu, na machungwa ya kawaida inakuwa rangi ya udongo, isipokuwa kama imetiwa rangi inayong'aa yenyewe kwa mwanga wa buluu. Kinachobaki kuisaidia Doxa ni tofauti kati ya uso mwangavu na mishale myeusi, na tofauti hiyo haimezwi na maji. Njano inastahimili zaidi ya machungwa, kwa hiyo mzamiaji anayetaka rangi inayofanya kazi aitazame Divingstar kabla ya Professional.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 6425 kinaitaka saa ya kuzamia ihimili angalau mita 100, ijaribiwe kwa shinikizo lililozidishwa kwa asilimia 25, na isomeke gizani kutoka umbali wa sentimita 25. Hilo la mwisho unaweza kulipima dukani. Acha saa chini ya taa kidogo, kisha ifunike kwa viganja viwili na uchungulie. Ukifanya hivyo na Seamaster utaona kitu kizuri: alama za saa zinawaka buluu, lakini mshale wa dakika na nukta iliyo kwenye pete zinawaka kijani. Vitu viwili ambavyo mzamiaji anavihitaji vimetengwa kwa rangi yao, gizani, pasipo maelezo.

Ngozi na umbo la saa

Wauzaji hawalisemi hili mara nyingi. Njano, machungwa, feruzi na nyeupe huchangamka kwenye ngozi nyeusi, na rangi nzito kama buluu iliyokoza huzama isipopata chuma kinachong'aa pembeni yake. Kwenye ngozi ya maji ya kunde, kijani na damu ya mzee hukaa vizuri kuliko machungwa, ambayo huwa karibu mno na rangi ya mwili. Kwenye ngozi nyeupe, buluu na kijani ndizo salama zaidi. Rangi nyepesi pia huipanua saa machoni: Doxa ya njano na Doxa nyeusi ni ukubwa ule ule, lakini mkononi ya njano itaonekana imezidi. Ukiwa katikati ya ukubwa wa aina mbili kwenye Breitling, na rangi unayoitaka ni feruzi, shuka kwenye ndogo.

Kwa anayesita bado

Kama umevaa zote na moyo unakwenda kwenye rangi huku akili ikirudi kwenye nyeusi, nunua ya giza na uichangamshe kwa mkanda. Black Bay 58 ya buluu ikiwa na mkanda wa mpira wa machungwa inakupa nusu ya furaha ya Doxa, na ukichoka unarudisha chuma. Hapo upana wa nafasi ya mkanda ndio unaoamua utapata nini: Tudor hiyo, Seamaster na Doxa zote ni milimita 20, kipimo chenye mikanda tele. Submariner ya sasa ni 21, na uchaguzi unapungua. Offshore Diver inataka mkanda wake yenyewe. Na ukiagiza wa mpira, chagua ambao ncha zake zimepindwa kufuata mwili wa saa, kwa sababu wenye ncha zilizonyooka huacha pengo kati ya mkanda na chuma, na rangi inakatika pale pale ulipotaka iungane.